Kwa Nini Zahanati Ziko Bondeni

Ninyi mnaoanza kazi, siku mtakayoripoti kituoni, kabla hamjauliza nyumba ya mtumishi iko wapi na mtandao unashika upande gani, ulizeni kwanza ardhi ya zahanati ilitolewa na nani, na kwa nini ilikuwa rahisi kuitoa. Chuoni hawafundishi swali hilo. Mimi nimestaafu, magoti yananiuma na macho yanaanza kunisaliti, lakini swali hilo bado ninalo.

Kule milimani Mbinga ardhi nzuri haitolewi ovyo. Mteremko ni wa ukoo, umechimbwa ngoro tangu mababu, yale mashimo yanayoshika maji ya mvua yasikimbie na udongo, na kwenye kingo zake mahindi na maharage yanastawi. Pembeni kuna kahawa. Mwambie mtu akukatie kipande hapo ujenge zahanati, atakutazama kama umemwomba mguu wake. Lakini kijiji nacho kinataka zahanati. Basi mkutano unakaa, maneno yanakuwa mengi, mwisho mkuu wa ukoo fulani anasimama na kutoa bonde lililo kando ya kijito, mahali ambapo kahawa huoza mizizi na ngoro hujaa maji mpaka mahindi yanageuka manjano. Watu wanapiga makofi. Kila mtu pale anajua kwa nini bonde lile halilimwi, ila hakuna anayesema, maana mwenzao ametoa, na aliyepewa hachagui.

Tazameni makanisa mengi ya zamani, yako juu. Mapadri wa enzi hizo walijichagulia mahali wenyewe. Sisi tulipewa. Ndiyo maana roho za watu zinatunzwa mlimani na miili yao inatibiwa bondeni. Hilo nililisema siku moja kwenye kikao cha wilaya, watu wakacheka, na mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda.

Mimi ni Mnyasa wa Liuli, mtoto wa ziwani, muuguzi na mkunga. Nilipangiwa zahanati moja ya huko Umatengo na nikakaa hapo sehemu kubwa ya utumishi wangu. Kijiji sitakitaja, kidonda chao hakijafunga. Waliniita Sista, kama wanavyowaita wauguzi wote, na kuna bibi mmoja aliyeniona nina mimba akafanya ishara ya msalaba. Walinitania sana kwa ajili ya samaki. Nikirudi kutoka nyumbani na furushi la dagaa, wanaume wa kijiweni walikuwa wanaziba pua na kusema, "Sista kaleta ziwa lote." Jioni wake zao walikuja kwa mlango wa nyuma kuniomba kibakuli.

Aliyenipokea ni Tabibu Benitho, mganga mfawidhi, Mmatengo mrefu, mkali, mwenye kofia ya sufu aliyovaa hata joto likizidi. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nimepanga chupa za dripu kwenye rafu ya chini, kwa kuwa ni nzito, na pamba juu, kwa kuwa ni nyepesi. Nilijiona mwerevu.

"Sista, pamba ikilowa utafanya nini?"

"Nitaianika, Tabibu."

"Na dripu ikizolewa na tope utaianika?"

Nikapanga upya. Akanifundisha vifaa vya kuzalishia vikae ndani ya ndoo yenye mfuniko, ndoo itundikwe msumarini karibu na mlango, si kabatini. Ndani yake glovu, wembe, vibanio vya kitovu, kitenge safi, tochi. "Kabati halikimbii," alisema, "ndoo inakimbia." Wanangu, fanyeni hivyo hata leo. Wakaguzi watawauliza kwa nini ndoo inaning'inia ukutani kama jikoni. Waacheni waulize.

Mimi nilijidai najua maji. Nani atamfundisha Mnyasa maji? Tabibu Benitho akaniambia, "Unayajua maji ya ziwa. Ya mlima huyajui." Alisema kweli. Ziwa likipanda, linapanda kama mgeni mwenye adabu, leo liko kwenye mchanga, wiki ijayo kwenye mizizi ya mihogo, unapata nafasi ya kuhamisha godoro moja moja. Nimeliona likifanya hivyo kwetu miaka hii ya karibuni, nyumba za ufukweni zimeachwa, vyoo vimefunikwa, na kipindupindu kikafuata nyuma. Lakini maji ya mlima yanakuja na mawe na magogo, hayabishi hodi. Dalili yake, alinifundisha, si kelele, ni kimya. Mvua inanyesha kwa nguvu halafu kijito kinapungua ghafla. Maana yake huko juu mlima umeporomoka na kukiziba, na maji yanajikusanya nyuma ya udongo. "Kikinyamaza, usitafute viatu," alisema. "Toka."

Tabibu Benitho alifariki kwa presha kabla ya kustaafu. Hakuletwa tabibu mwingine kwa muda mrefu, kwa hiyo zahanati ikabaki na mimi na mhudumu mmoja, mama mmoja aliyejua kila mtu kwa ukoo wake.

Hatukukosa mafunzo, msidhani. Tuliitwa semina mjini kuhusu maafa. Mkufunzi alitoka mbali, akatuonyesha picha za ghorofa zilizoanguka kwa tetemeko. Akatuuliza zahanati zetu zina milango mingapi ya dharura. Mwenzangu mmoja kutoka kando ya ziwa akajibu kwamba yake ina mlango mmoja, na huo hauna kitasa. Tulicheka mpaka mkufunzi naye akacheka. Tulikula wali kuku, tukapewa fulana nyeupe, na muda si mrefu likaletwa kwenye kila kituo sanduku kubwa la bati la rangi ya chungwa. Lilikuwa na lakiri, na ubavuni limeandikwa kwa herufi nene nyeusi: MAAFA. Tuliambiwa lisifunguliwe mpaka siku yenyewe. Tuliliweka stoo, na kila mwaka mtu alikuja kuangalia kama lakiri haijakatwa, akaridhika, akaondoka.

Sasa niwaambie siku yenyewe.

Ilikuwa masika, mvua ilikuwa imenyesha mfululizo mpaka nguo hazikauki. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Akina mama wamejaa kwenye benchi na kadi zao ndani ya mifuko ya plastiki, watoto wanalia, mimi niko chumba cha kuzalishia na Skolastika. Huyu Skolastika alikuwa mkamwana wa Mzee Eusebi, na Mzee Eusebi ndiye aliyetoa lile bonde. Nyumba yake ilikuwa juu tu, ukitoka mlangoni unaiona, katikati ya ngoro zilizochimbwa vizuri kuliko za mtu yeyote. Mtoto alikuwa ameshatoka, wa kike, analia vizuri. Nilikuwa nasubiri kondo la nyuma.

Mhudumu akaingia, akasimama mlangoni.

"Nini, mama?"

"Sista, sikiliza."

Nikasikiliza. Mvua ilikuwa inapiga bati, lakini nyuma ya jengo, pale ambapo kijito kilikuwa kinanguruma tangu asubuhi, hapakuwa na kitu.

Nilipiga kelele kama nimeumwa na nge. Tukawatoa akina mama, wakapanda mteremko na watoto mgongoni, wengine bila viatu, hakuna aliyeuliza mara mbili, maana wale ni watoto wa mlima. Wanaume walishuka mbio kutoka mashambani kutusaidia. Skolastika tulimlaza kwenye machela, nikaning'iniza ndoo yangu begani, mtoto akachukuliwa na bibi yake, Bibi Gaudensia, mke wa Mzee Eusebi, ambaye alikuwa amekaa nje akisubiri habari njema. Nilipofika mlangoni nikawageukia vijana wawili wenye nguvu kuliko wote, nikawaambia, "Ingieni stoo, leteni vya dharura!" Walielewa vizuri kabisa. Tulipanda.

Hatukuwa tumefika mbali. Udongo ulikuja na sauti ambayo sijaisikia tena wala sitaki. Ukuta wa nyuma ulikwenda, stoo ikaenda, jokofu la chanjo likaenda likielea kama boti. Hakuna aliyekufa pale bondeni. Nilipohesabu watu juu na kuona wote wapo, nililia kwa furaha, nakiri, nikamkumbatia mhudumu wangu. Nilidhani tumeshinda.

Tulimwingiza Skolastika nyumbani kwa Mzee Eusebi. Kondo lilikuwa limetoka njiani, lakini damu haikukata. Sindano niliyokuwa nayo ya kukaza kizazi nilikuwa nimeshampa, nyingine zilikuwa kwenye jokofu. Nilisugua kizazi, nikabana mshipa mkubwa wa tumbo kwa ngumi kama nilivyofundishwa. Alihitaji maji mwilini, na haraka. Nikawaita wale vijana.

Waliingia wakihema, matope mpaka kifuani, wamebeba kitu kizito wamekishika pande mbili. Walikiweka chini kwa uangalifu mkubwa. Lilikuwa sanduku la MAAFA.

"Na dripu?" nikauliza. "Katoni ya dripu ilikuwa rafu ya juu, juu kabisa ya sanduku hili."

Wakatazamana. Mmoja wao akasema taratibu, "Sista, ulisema vya dharura. Tumeliona limeandikwa. Tukasema hili ndilo lenyewe."

Siwalaumu. Waliingia jengo ambalo mlima unaliangukia, wakatafuta kwa macho, wakasoma, wakabeba kilichoandikwa. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Tulivunja lakiri kwa jembe. Humo ndani mlikuwa na vizibao vinavyong'aa, filimbi, kipaza sauti kisicho na betri, mifuko ya kubebea maiti, kitabu kinene cha Kiingereza, na fulana nyeupe nyingi za semina. Hapakuwa na chupa hata moja. Sikuwa na muda wa hasira. Nilizichukua zile fulana, nikazikunja, nikazitumia kuzuia damu, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa imeandikwa kifuani kwamba kujiandaa ni wajibu wa kila mtu.

Mtandao ulikuwa umekufa. Kijana mmoja alikimbia mpaka kilele ambako simu hushika, akapata gari la wagonjwa, nalo kwa kweli lilikuja upesi. Tukambeba Skolastika kwenda kukutana nalo, wanaume wakipokezana machela kwenye utelezi, mimi nimepiga magoti juu yake nusu ya njia, ngumi yangu tumboni mwake, mpaka wakaniomba nishuke kwa kuwa hawawezi kutubeba sote. Njiani aliniuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia yuko kwa bibi yake, amelala. Akasema, "Mwambieni mama amfunike kichwa." Mama, yaani Bibi Gaudensia, mkwewe.

Tulipofika kwenye daraja, daraja halikuwepo. Upande wa pili gari lilikuwa limesimama, taa zinawaka mchana, na muuguzi mwenzangu amesimama kando yake na chupa ya dripu mkononi. Nilimwona vizuri, nilimjua kwa jina. Katikati yetu yalikuwa maji mekundu yenye magogo. Alinyanyua ile chupa juu akanionyesha, sijui kwa nini, labda ili nijue kwamba alikuja nayo. Skolastika alifia pale, kwenye majani ya kando ya barabara, na sisi tunatazamana.

Baada ya hapo walikuja wengi. Magari yalipitia njia ya kuzunguka, viongozi wakatoa pole, wakapiga picha, wakasema zahanati yetu ni mfano kwa kuwa watu wote walitolewa salama. Skolastika aliandikwa kifo cha uzazi, hakuandikwa wa maafa. Nilipinga, nikaambiwa ndivyo takwimu zinavyopangwa.

Arobaini ilipopita Mzee Eusebi alikuja kwangu, nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Halafu akasema, "Lile shamba langu la juu, lililo karibu na nyumba, lichukueni. Jengeni huko." Lilikuwa shamba bora la ukoo wake wote. Wanawe walinuna, akawaambia wakitaka kulima wakalime bondeni. Mimi nilikwenda wilayani mwenyewe na habari hiyo, nimevaa gauni langu la Pasaka.

Nikajibiwa kwa upole kwamba fedha zilizopitishwa ni za ukarabati, si za ujenzi mpya. Ukarabati unafanyika mahali jengo lilipo. Nikauliza kama jengo lililozolewa nusu yake bado lina mahali. Yule bwana akacheka kidogo, akaniambia, "Mama, tusishindane na utaratibu." Basi wakajenga ukuta wa nyuma upya, wakapaka rangi nzuri ya buluu na nyeupe, wakaleta jokofu jipya na sanduku jingine la bati. Siku ya uzinduzi ngoma zilipigwa.

Bibi Gaudensia hakushuka. Siku ya kliniki nilitoka nje nikamwona amesimama barabarani, juu kule, mtoto wa Skolastika mgongoni, kichwa kimefunikwa.

"Bibi, shuka tumpime mtoto!"

"Mimi huko sishuki."

"Chanjo yake imefika, Bibi."

"Basi ilete. Wewe una miguu."

Nilibeba mzani, kibebeo cha chanjo na kalamu, nikapanda. Nilimpima mtoto kwa kuutundika mzani kwenye tawi la mti wa mlingoti, ukingoni mwa lile shamba la Mzee Eusebi. Mwezi uliofuata walikuwa wanawake kadhaa wamesimama naye. Halafu wakawa wengi. Haikutangazwa, hapakuwa na mkutano, walikuwa wanasimama tu pale juu na kunitazama, na mimi nikawa napanda. Mzee Eusebi akatengeneza benchi. Tangu hapo kliniki yetu ikawa huko shambani, na masika yalipokaza wajawazito wa siku za mwisho walilala nyumbani kwake. Nilipata amani kidogo kazini mwaka ule.

Na katoni ya dripu tuliyoletewa baadaye? Niliinunulia kalamu nene, nikaiandika MAAFA pande zote nne. Ndoo nayo nikaiandika. Fanyeni hivyo, wanangu. Msicheke. Siku ya taharuki watu hubeba kilichoandikwa, basi andikeni juu ya kile kinachookoa.

Nilistaafu nikarudi Liuli. Aliyenirithi ni binti mzuri, mchapakazi, na alipokuja mkaguzi akamwambia huduma itolewe kituoni, chini ya mti si mahali pa chanjo, yeye alitii. Angefanya nini, ndiyo kwanza amethibitishwa kazini. Akina mama wakaitwa wakashuka. Mwaka juzi nilipita kule kusalimia. Lile shamba la Mzee Eusebi wanawe wamelichukua, wamepanda kahawa, na kahawa ikishapandwa huwezi kumwambia mtu aing'oe. Nilishuka bondeni, nikamkuta binti anafunga kadi.

Kabla hatujaagana aliniambia, kama mtu anayenishitakia, "Sista, kuna bibi mmoja mkaidi. Kila siku ya kliniki anasimama kule barabarani na mjukuu wake. Namwita, hashuki. Mtoto kapitwa na chanjo ya pili ya surua. Nimemwandika amegoma."

Nikatazama juu. Alikuwepo, amezeeka, ameinama, na yule mtoto sasa amesimama mwenyewe ameshika kitenge chake. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka.

"Hajagoma," nikamwambia. "Anakusubiri. Chukua kibebeo chako, mwanangu, tupande."